Wali Uliolala Nje: Je, Kuumwaga ni Israfu?

Tumeulizwa mara nyingi, hasa baada ya khitma na harusi: pilau iliyobaki ikalala sufuriani, je, kuimwaga si israfu? Kabla ya hukumu, tufahamu kwanza kinachotokea ndani ya sufuria.

Mchele mara nyingi hubeba bakteria wa ardhini aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake haziuliwi na mchemko wa kawaida. Wali ukiachwa upoe taratibu jikoni, kwa joto letu hili, mbegu huchipua, bakteria huzaliana na kutoa sumu. Sumu yake ya kutapisha huhimili nyuzi 121 kwa zaidi ya saa nzima, na sufuria ya nyumbani haifiki huko. Basi kupasha moto mwiku asubuhi huua bakteria, lakini sumu hubaki, nayo hainuki wala haibadilishi ladha. Aliyekula hutapika baina ya nusu saa na saa sita. Sumu ya Staphylococcus nayo haiondoki kwa kuchemshwa. Huyu huishi puani na kwenye vidonda. Mpishi mwenye jipu mkononi asishike chakula, hata akiwa ndiye fundi wa mtaa mzima.

Wasiotaka kumwaga hutoa hoja ya tonge lililoanguka, ambalo Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tuliokote. Ni kweli, lakini amri hiyo inakwenda pamoja na kuliondoa uchafu kwanza, na sumu hii haiondoleki. Kwa hivyo tunaona kuimwaga pilau iliyokaa nje usiku kucha si israfu. Israfu ilitangulia, pale zilipopikwa kilo 50 kwa wageni wa kilo 20. Kuwapelekea masikini au watoto wa chuoni ni kubaya zaidi: Suratul Baqara, aya ya 267, inatukataza kukusudia kibaya tukakitoa.

Shirika la Afya Duniani linaelekeza chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kiwekwe moto juu ya nyuzi 60, au frijini chini ya 5. Sufuria kubwa ikiingizwa nzima, katikati hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, basi wali ugawanywe kwenye bakuli za kina kifupi. Kufunika kwa kawa ni Sunna na huzuia nzi, ila mbegu hizi zimo ndani tayari.

Aliyetapika apewe maji ya ORS kidogo kidogo. Mtoto aliyelegea, asiyekojoa au anayetapika kila anywacho apelekwe hospitali usiku huo huo.

Wallahu a'lam.