Hospisi ya Great St Bernard: Nyumba ya Wenyeji na Wapita Njia Mlimani

Hospisi ya Great St Bernard ni nyumba ya kupokea wasafiri katika milima ya Alps. Ipo Uswisi, karibu kabisa na mpaka wa Italia, mita zipatazo 2,470 kutoka usawa wa bahari, kwenye njia ya kutoka Martigny (Uswisi) kwenda Aosta (Italia). Ilianzishwa katikati ya karne ya 11 na Bernard, shemasi mkuu wa Aosta. Watawa wa Kanisa Katoliki wanaishi humo mwaka mzima.

Sababu ya kujengwa
Njia hii ilitumika tangu enzi za Warumi. Wafanyabiashara na mahujaji walikabiliwa na ukungu, maporomoko ya theluji na wanyang'anyi. Aliyekutwa na usiku huko juu bila pa kulala aliweza kufa kwa baridi.

Mpangilio wake
Mahali: Nyumba ipo kileleni mwa njia, wanapokutana wanaopanda kutoka pande zote mbili. Anayefika hapo amemaliza kupanda. Anapumzika kabla ya kushuka.

Jengo: Sehemu kubwa ya jengo la sasa ni ya karne ya 16. Kuta ni nene, za mawe, kwa ajili ya upepo na baridi.

Mgawanyo: Watawa wana makao yao, na wageni wana vyumba vyao. Hivyo mwenyeji anaendelea na ratiba yake hata wageni wakiwa wengi. Kanisa ni la wote.

Akiba: Miti haioti katika mwinuko huo. Zamani kuni zililetwa na nyumbu kutoka mabondeni, na chakula kililazimika kuwekwa ghalani kabla ya theluji kuziba njia.

Uokoaji: Kuanzia karne ya 17 watawa walifuga mbwa wakubwa waliosaidia kutafuta waliopotea. Maarufu zaidi ni Barry (1800-1814), anayesifiwa kuokoa watu zaidi ya 40. Mwaka 2005 kazi ya kuzalisha mbwa hao ilihamishiwa kwa taasisi moja ya Martigny.

Hali ya sasa
Mwaka 1964 lilifunguliwa handaki la barabara lenye urefu wa karibu kilomita 5.8, na tangu hapo malori yanapita chini ya mlima hata majira ya baridi. Barabara ya juu hufunguliwa miezi ya kiangazi tu. Wakati wa theluji hospisi hufikiwa kwa miguu au kwa skii, na bado inapokea wageni.

Funzo kwa wajenzi
Anayepanga nyumba ya namna hii aanze na mwenyeji: chumba chake, kuni zake na ghala lake. Mwenyeji akikosa nafasi ya kuishi ataondoka, na msafiri wa usiku atakuta jiko la baridi.