Kirundi Kwenye Karatasi
Kirundi, lugha ya Burundi, kiliishi vinywani na kwenye ngoma karne nyingi kabla ya kalamu. Wamisionari Wakatoliki, waliofungua kituo cha Muyaga mwaka 1898, walikiandika kwa herufi za Kilatini.

Tahajia yake hufuata sikio: kugenda hubaki na ku-, lakini mbele ya k, t au s kiambishi hicho hugeuka gu-, kama katika gukora. Herufi c husomwa ch. Icayi ni chai.

Kinachokosekana, na ni hasara kubwa, ni toni. Gusoma ni kusoma kitabu, pia kupiga funda la kinywaji. Sauti hutenganisha maana hizo. Maandishi ya kawaida huziacha pamoja. Mwanaisimu A. E. Meeussen alionyesha toni katika sarufi yake ya 1959. Magazeti ya Bujumbura hayazionyeshi.