Korosho ya kanga: pambo la makasri lililopata maneno Pwani

Ulizia kanga ya korosho kwenye maduka ya Ngamiani, Tanga, utaonyeshwa yenye umbo kama tone lililopinda ncha. Umbo hilo limetoka mbali.

Asili yake ni Uajemi na India. Waajemi huliita boteh, yaani kichaka. Miaka ya 1600, wachoraji wa makasri ya Mughal walipamba picha ndogo za vitabuni kwa maua yenye shina, na wafumaji wakayatia kwenye mishipi na shali. Baadaye ua likapinda ncha. Wazungu wakaliita paisley, jina la mji wa Scotland ulioiga shali za Kashmir.

Pwani hatukuiga tu. Kanga ilianza mwishoni mwa karne ya 19. Umbo likakaa kwenye pindo na kwenye mji, ile sehemu ya katikati, likaitwa korosho. Mwanzoni mwa karne ya 20 yakaongezwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi.

Basi pambo la wafalme likaanza kusema: linapongeza, linaonya, linasuta. Ukinunua kanga ya zawadi, soma jina kwanza, korosho baadaye.