Upigaji picha wa Serengeti

Upigaji picha wa Serengeti ni kazi ya kunasa kwa kamera wanyama na mandhari ya Serengeti, nyika ya kaskazini mwa Tanzania. Upande wake wa magharibi, mkoani Mara, ni makazi ya Wanatta, Waikoma, Waisenye na Wangoreme, waliolima, kufuga na kuwinda huko kabla ya hifadhi ya taifa kutangazwa mwaka 1951.

Mtangulizi wa kazi hii nchini ni Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyewapiga picha wanyama usiku katika nyika za karibu na Kilimanjaro. Alitumia sahani za kioo na unga wa kuwasha mwanga: mnyama akivuta uzi uliotegwa, unga unalipuka na picha inajipiga yenyewe. Umaarufu wa Serengeti yenyewe ulikuja na Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, waliohesabu wanyama kwa ndege iliyopakwa milia ya pundamilia. Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka, Januari 10, 1959. Filamu waliyoitengeneza kuhusu Serengeti ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Filamu hiyo ilisaidia hifadhi, lakini pia ilikuza dhana ya nchi isiyo na wenyewe. Mwanahistoria Jan Bender Shetler aliijibu dhana hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2007, akitegemea masimulizi ya wazee wa Natta na majirani zao.

Zama za mkanda zilidai subira na ubahili. Mkanda mmoja ulitoa picha 36, ukilindwa dhidi ya joto na vumbi, na mpiga picha hakujua alichopata mpaka usafishwe, mara nyingi ng'ambo. Mpiga picha Hugo van Lawick, aliyefariki mwaka 2002, aliishi miaka mingi kambini Ndutu kwa kazi ya namna hiyo. Zama hizo zilififia: Kodak iliacha kutengeneza mkanda wake wa Kodachrome mwaka 2009.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walianza kufunga kamera 225 za dijitali kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125. Hazina mpiga picha: joto na mwendo ndivyo vinavyozifyatua, hata nyasi zikitikiswa na upepo. Fisi walizitafuna, tembo wakaziangusha. Kufikia 2013 zilikuwa zimepiga mafungu milioni 1.2 ya picha, na watu wa kujitolea zaidi ya 28,000 waliyapitia kwenye intaneti. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba kompyuta ingeweza kutambua wanyama katika asilimia 99.3 ya picha hizo kwa usahihi sawa na wa watu hao. Kazi ngumu, basi, imehama kutoka kuvizia kwenda kuchambua.

Kamera hizo zilifungwa katikati ya hifadhi, eneo la Seronera. Vijiji vya Natta viko nje ya mpaka wa hifadhi, hivyo havimo katika picha hizo.