Vyuma vya mshazari na tetemeko la ardhi: mafunzo ya Japani

Apitaye karibu na shule za Japani huona mara nyingi vyuma vinene vilivyopita mshazari mbele ya madirisha, vikifanya umbo la V au V iliyopinduliwa. Havikuwekwa kwa urembo. Tarehe 17 Januari 1995, tetemeko la ardhi liliutikisa mji wa Kobe na viunga vyake, na watu zaidi ya 6,400 wakapoteza maisha. Ilikuwa saa 11:46 alfajiri, madarasa yakiwa matupu. Hata hivyo, mwaka 2002 bado majengo yaliyothibitishwa kuwa imara katika shule za umma za msingi na sekondari za chini hayakufika nusu.

Kazi ya vyuma hivyo ni kuzuia nguzo na boriti zisilale upande. Jengo likisukumwa huku, chuma huvutwa. Likirudi kule, hubanwa. Kuvutwa hukistahimili vyema, kwani hurefuka kabla ya kukatika. Hatari imo katika kubanwa. Chuma kirefu na chembamba hupinda ubavuni, mfano wa fimbo iliyokandamizwa kwa kiganja, na papo hapo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Mtikiso wa pili hukinyoosha, wa tatu hukipinda palepale, hata mkunjo ufanye ufa na chuma kikatike. Katika umbo la V iliyopinduliwa kuna balaa jingine: kimoja kikishapinda, mwenzake huendelea kuvuta, na boriti iliyo juu yao hushushwa.

Katika miaka ya 1980, wahandisi wa Japani walipata dawa yake. Chuma huingizwa ndani ya bomba lililojazwa saruji, lakini kwanza hupakwa kitu cha kukitenga na saruji hiyo. Bomba halibebi mzigo. Hukizuia tu kisipinde. Hivyo chuma hurefuka na kufupika kwa nguvu zinazokaribiana, kikigeuza nishati ya tetemeko kuwa joto.

Yote hayo ni bure ikiwa viungio vya mwishoni ni dhaifu. Bolti na sehemu zilizochomelewa sharti ziwe na nguvu kuliko chuma chenyewe, ili kinyumbuke kabla hazijakatika. Na baada ya tetemeko kubwa, mafundi hulazimika kubandua mbao na dari zinazovifunika vyuma hivyo, maana mkunjo uliojificha nyuma ya ukuta uliopakwa rangi hauonekani kwa mpita njia.