Nyuma ya Kilima

Nilipokuwa na miaka tisa, babu alinichukua kutoka Gairo mjini tukapanda kwenda Nongwe, juu kwenye Milima ya Ukaguru. Njiani ukungu ulishuka hadi tukawa hatuoni hatua kumi mbele. Nikamuuliza, "Babu, huko mbele kuna nini?" Akajibu, "Tembea, utaona." Nilitembea moyo ukinidunda, nusu hofu, nusu furaha. Ukungu ulipofunguka, chini yetu kulikuwa na bonde ambalo sikuwahi kujua kwamba lipo.

Hisia ile sikuipata tena mpaka nilipokuwa chuo kikuu, saa nane usiku, mbele ya kompyuta ya kuazima. Rafiki yangu alikuwa amenipa gemu la Assassin's Creed Origins la mwaka 2017, linalojenga upya Misri ya enzi za Kleopatra. Wenzangu walilipendea mapigano. Mimi nilizurura tu jangwani kuanzia Siwa, nikitaka kujua kuna nini nyuma ya kila tuta la mchanga. Baadaye nikagundua kuwa sauti ya mhusika mkuu, Bayek, ni ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya.

Kwa kuwa nasoma historia, swali halikuniacha: mshangao huu ulianzia wapi?

Kumbe ulianzia pangoni. Katikati ya miaka ya 1970, Will Crowther, mwandishi wa programu za kompyuta huko Marekani, alitunga gemu la maneno matupu, bila picha hata moja, liitwalo Adventure. Mchezaji aliandika anakotaka kwenda, na kompyuta ikamweleza alichokikuta. Crowther alikuwa mpenzi wa mapango, na alishiriki kupima na kuchora ramani za mapango ya Mammoth, Kentucky. Ndoa yake ilikuwa imevunjika. Gemu lile alilitunga pia ili binti zake wapate kitu cha kucheza. Mwaka 1986 likatoka The Legend of Zelda huko Japani. Mbunifu wake, Shigeru Miyamoto, amesimulia jinsi utotoni alivyozurura porini karibu na kwao Sonobe, hadi akakuta pango na kuingia ndani na taa.

Mwaka 2024 Salim naye, kupitia studio yake ya Surgent, akatoa Tales of Kenzera: Zau, gemu linaloweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Kijana Zau anamwendea Kalunga, mungu wa kifo, akitaka arudishiwe baba yake. Salim alilitunga kutokana na msiba wa baba yake mwenyewe.

Watu hawa watatu hawakuanza na mashine. Kila mmoja alikuwa amebeba mahali alipopakanyaga au mtu aliyempoteza. Nadhani ndiyo maana mshangao huu ni adimu. Magemu mengi yana dunia kubwa mno, lakini ramani zake zimejaa alama: nenda hapa, chukua kile. Hayakuachii nafasi ya kuuliza mbele kuna nini.

Babu alifariki nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza. Msibani niligundua jambo lililoniumiza: niliweza kukuelekeza njia kutoka Siwa hadi Alexandria bila kufungua ramani, lakini sikujua lile bonde linaitwaje kwa Kikaguru. Sikuwahi kumuuliza.

Likizo iliyopita nilipanda tena Nongwe, safari hii na daftari. Nilimkuta mzee akipalilia maharage, nikamwamkia na kumuuliza jina la bonde. Akanitajia. Kisha, bila kuulizwa, akaweka jembe chini, akanitajia la kilima kinachofuata, na la kile kilicho nyuma yake. Nikamuuliza, "Na nyuma ya kile?"

"Huko," akasema, "mpaka twende."

Tukaenda.