Kipimo cha Mzigo

Msomaji, mwenye punda huujua uwezo wa mnyama wake. Akimzidishia mzigo, punda hugoma njiani, na mwenyewe hupata onyo. Mashine haina hisani hiyo. Huelemewa kimya kimya, na siku inapoanguka huanguka pamoja na kazi za watu wote walioitegemea. Jambo hili laweza kusomwa vizuri katika historia ya Eldoret na jirani zake.

Mnamo mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, kilicho kusini ya Eldoret, kilianza kuandika habari za wagonjwa kwa kompyuta badala ya madaftari. Kazi hiyo ilikuwa tunda la ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Wachunguzi walipima nyakati za wagonjwa kabla ya kompyuta kuja na baada ya kuja. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22.

Mwaka ule ule wa 2001 mpango wa AMPATH wa kuwatibu wenye virusi vya UKIMWI ulianzishwa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, nao ukaurithi mfumo wa Mosoriot. Wagonjwa wakaongezeka mwaka hata mwaka. Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich walifika kutoka Indianapolis, wakaona kwamba chombo kilichojengwa kwa kituo kimoja kisingeweza kuchukua mzigo wa vituo vingi. Katika ziara ile ikachipuka OpenMRS, programu inayotumiwa kwa njia ya mtandao, ambayo ilianza kazi Eldoret mwaka 2006, kisha ikaenea katika nchi nyingi.

Huenda ukauliza: mtu ataujuaje mwisho wa nguvu za mashine kabla ya siku ya msiba? Swali hili ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alitangaza hesabu za simu zinazoingia bila kupangwa. Mwaka 1961 John Little akathibitisha kanuni iliyo nyepesi kuikumbuka: zidisha idadi ya maombi yanayoingia kila sekunde kwa sekunde ambazo kila ombi hukaa ndani, nawe utapata idadi ya yaliyomo kwa wastani. Yakiingia 20 kila sekunde, na kila moja likakaa nusu sekunde, yaliyomo ni 10. Mashine ikilemewa hata kila ombi likae sekunde 3, yaliyomo yatakuwa 60, ingawa kasi mlangoni haikubadilika.

Kwa hiyo mpimaji hodari huitawala kasi. Huanza na maombi machache kwa sekunde, hungoja, huandika muda wa majibu, kisha huongeza kidogo kidogo mpaka aone mahali muda unapoanza kupanda ghafula. Bandubandu huisha gogo. Akimimina maombi yote kwa mara moja, atajua kwamba mashine imeanguka, lakini hatajua ilianza kuelemewa wapi.

Lakini uko mtego mmoja. Wako wapimaji ambao hutuma ombi, wakangoja jibu, ndipo wakatuma jingine. Mashine ikipunguza mwendo, nao hupunguza, na kipimo hutoa sifa za uongo. Fikiri juu ya mlango wa zahanati. Ukimruhusu mgonjwa wa pili kufika baada ya wa kwanza kuondoka tu, hutaona foleni kamwe, hata kama mwandishi wako ni mzito kupita kiasi. Walakini wagonjwa hawaji hivyo. Homa haingoji nafasi, wala mama mwenye mtoto mgonjwa haulizi kwanza kama kompyuta imepumzika. Yapasa basi kipimo kitume maombi kwa kasi iliyowekwa, majibu yawe yamerudi au hayajarudi, maana ndivyo watu wajavyo.

Msomaji kijana, huenda kesho ukajenga chombo ambacho watu watakiamini kwa afya yao au kwa fedha zao. Kipime kwa haki kabla hujawakabidhi. Kosa lililoonekana katika jaribio humwaibisha fundi peke yake. Lililofichwa hulipwa na yule aliye mwisho wa foleni.